Dawa ya Ng'ombe Miguuni mwa Baba

Baba yangu alikuwa akijipaka dawa ya ng'ombe. Nikilisema hili dukani kwangu wateja hucheka wakidhani nawatania, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumamosi asubuhi, tukishamaliza kuogesha mifugo kule nyumbani Nyantakara, alichukua kitambaa kikuukuu, akakichovya kwenye maji ya dawa yaliyobaki ndooni, akajifuta miguu kuanzia magotini hadi kwenye vidole, kisha mikono, kisha shingo. Hakuwa na haraka. Alijifuta kama mtu anayejipaka mafuta ili aende kanisani. Akimaliza alinyanyuka, akakung'uta kaptura yake, akasema, "Haya, mbung'o na aje sasa."

Na mbung'o kweli hakumsogelea. Ambaye hajawahi kuumwa na mbung'o hawezi kuelewa furaha ya baba. Mdudu yule anachoma kupitia shati, kupitia suruali, hata kupitia blanketi, na ukimpiga kofi anaruka na kurudi palepale. Wazazi wangu walihama kutoka Shinyanga wakifuata malisho, wakaingia Biharamulo na ng'ombe wao wakati pori lilikuwa bado linafika nyuma ya nyumba. Mbung'o na kupe waliwamalizia mifugo mpaka walipoanza kutumia dawa ya kuogeshea. Kwa hiyo kwa baba ile chupa haikuwa kitu cha kuogopa. Ilikuwa rafiki. Aliitunza darini, mbali na moshi, na aliijua kwa harufu kuliko kwa maandishi, maana maandishi hakuyasoma.

Kazi yangu nilipokuwa msichana ilikuwa kuchanganya. Nilipima dawa kwa kifuniko, nikamimina kwenye ndoo ya maji, nikakoroga kwa mkono hadi kwenye kiwiko. Maji yaligeuka meupe kama maziwa. Kaka yangu, ambaye ananizidi miaka sita, alibeba bomba mgongoni na kupuliza, na baba alishika ng'ombe mmoja mmoja akimsemesha kwa jina. Sisi Wasukuma kila rangi ya ng'ombe ina neno lake, na baba aliyajua yote. Hakuna aliyevaa glavu. Sijui hata kama tulikuwa tumewahi kuziona, isipokuwa mikononi mwa mganga wa zahanati.

Yaliyobaki baada ya miguu ya baba yalikwenda ndani ya nyumba. Alinyunyiza kuta, akanyunyiza chini ya vitanda, akanyunyiza pembe za chumba tulimolala watoto. Usiku tulilala ndani ya harufu ile kali, yenye utamu kidogo kwa mbali, na mimi niliizoea kiasi kwamba nilipokwenda shule ya bweni nilikosa usingizi wiki nzima kwa sababu bweni lilinuka sabuni tu.

Niliolewa Ngara. Mume wangu ni Mhangaza wa Nyakisasa, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Tulijenga Nyamiaga, karibu na mji, na baada ya watoto wetu kukua nikafungua duka la pembejeo na dawa za mifugo. Watu waliniuliza kwa nini nisiuze vitenge au vyombo kama wanawake wengine. Jibu langu lilikuwa kwamba dawa nazijua. Nilikwenda kwenye mafunzo ya wauzaji, tukafundishwa kusoma vibandiko, kuvaa glavu na barakoa, kuosha mikono, kutokula wakati wa kuchanganya. Niliandika kila kitu, nikafaulu mtihani, nikatundika cheti ukutani. Moyoni nilikuwa nikicheka. Niliwaza, hawa watu wakimwona baba yangu watazimia.

Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, kaka akanipigia simu. Yeye ndiye aliyebaki Nyantakara na baba tangu mama alipofariki. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia.

"Mzee ameogesha ng'ombe mara mbili leo," alisema.

"Mara mbili vipi?"

"Asubuhi tumeogesha pamoja. Nimekwenda shambani. Nimerudi nawakuta wamelowa tena, na yeye yuko kwenye ndoo anachanganya ya tatu. Namuuliza baba unafanya nini, ananiambia leo Jumamosi, ng'ombe hawajaoga. Na ndama mmoja anatoa povu, anatetemeka."

Ndama yule alikufa jioni, ingawa bwana mifugo alifika na kumchoma sindano. Wengine walipona. Kaka alisema baba alikaa karibu na ndama mpaka mwisho, akamfunika kwa gunia, kisha akageuka na kuuliza kwa uchungu wa kweli, "Nani amemfanyia hivi mnyama huyu?"

Nilifunga duka siku iliyofuata, nikapanda basi, kisha bodaboda hadi nyumbani. Nilimkuta baba amekaa kwenye kigoda mbele ya zizi, msafi, shati limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita tangu utoto. Nikafurahi kwamba amenijua. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Njia nzuri?"

"Nzuri, baba."

Akatikisa kichwa, akatazama ng'ombe, akanigeukia tena. "Umekuja na nani?"

Aliniuliza hivyo mara nne kabla chai haijachemka. Kaka alikuwa amesimama nyuma yake, akanionyesha jikoni kwa kidevu. Tulikubaliana palepale jikoni kwamba nitakwenda naye Ngara, apimwe, akae kwangu kwa muda. Baba hakukataa. Aliuliza tu kama kule kuna ng'ombe, nikamwambia wapo wachache, wana pembe ndefu. "Basi twende tukawaone," akasema, akaenda kuchukua fimbo yake.

Daktari tuliyemwona hospitalini alikuwa mwanamke kijana kuliko mimi, mpole, asiyeandika huku mtu anaongea. Alimpima baba presha na sukari, akachukua damu, akamuuliza maswali. Alimpa maneno matatu ayakumbuke: jembe, mkeka, mto. Wakaongea habari za mvua, kisha akamwomba ayataje. Baba alifikiri, akatabasamu.

"Umekula mchana?" akamuuliza daktari.

"Bado, babu."

"Nenda ukale kwanza. Maneno yatakuwepo."

Daktari alicheka sana, na mimi nikacheka huku machozi yakinilenga. Majibu ya damu yalipotoka akaniita pembeni. Alisema ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba haurudi nyuma, ila unaweza kwenda polepole, na mtu akaishi nao vizuri akipata utulivu, chakula, na dawa ya presha, maana presha ya baba ilikuwa juu.

Wakati huo nilikuwa na swali ambalo lilinikaa kifuani tangu kaka aliponipigia. Wiki chache kabla nilikuwa nimesikiliza kipindi cha afya redioni nikiwa dukani. Mtangazaji alisema wataalamu wanachunguza kama kemikali za kuua na kufukuza wadudu, mtu akiishi nazo miaka mingi, zinaweza kuchangia ugonjwa wa kusahau uzeeni. Nilisikiliza nusu, mteja akaja, nikapunguza sauti. Sasa maneno yale yalikuwa yamerudi yote.

Nilimweleza daktari habari za kitambaa, ndoo, kuta na vitanda. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," alisema, "nikikwambia ndiyo, dawa ndiyo iliyomfanya hivi, nitakuwa nakudanganya. Nikikwambia hapana, pia nitakuwa nakudanganya. Nyingi kati ya dawa hizo humwua mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu. Binadamu naye ana mishipa ya fahamu. Kwa hiyo wanaouliza swali hilo hawaulizi upuuzi. Kuna uchunguzi unaoonyesha dalili kwamba watu waliofanya kazi nazo muda mrefu bila kinga wako hatarini zaidi, na kuna mwingine usioonyesha hivyo waziwazi. Lakini baba yako ana umri mkubwa pia. Na presha hii huenda amekaa nayo miaka mingi bila kujua. Kipi kati ya hivyo kimemfanya hivi, mimi sina kipimo cha kunionyesha."

"Na chandarua chenye dawa? Na mafuta ya mbu ya kujipaka?"

"Chandarua msiache kabisa. Malaria tunaijua, inaua, hilo halihitaji uchunguzi. Mafuta ya kujipaka yametengenezwa kwa ajili ya ngozi, fuata maelezo, usipake kupita kiasi, nawa kabla ya kuingia kwenye neti. Ila dawa ya ng'ombe ni ya ng'ombe."

Nilimshukuru. Tulipotoka nje baba aliuliza kama yule binti amekula.

Kesho yake nilifungua duka kama kawaida, nikakaa kwenye kiti, nikatazama rafu. Chupa zilikuwa zimepangwa zikinitazama: za kupe, za viwavi, za mende, za mbu, za mdudu wa kahawa. Miaka yote nilikuwa nikiziona kama mkate wa watoto wangu. Siku ile mteja wa kwanza aliingia akaomba dawa ya kuogeshea, na mkono wangu ukasita kwenye rafu. Nikamuuzia, lakini sikujua nimwambie nini. Nilikuwa pia nimeanza kujichunguza. Nikisahau ufunguo nilipouweka, moyo ulinipasuka. Mikono hii ndiyo iliyokoroga ndoo kwa miaka. Siku moja nililisahau jina la jirani yangu wa mlango wa pili, nikalitafuta asubuhi nzima, nikaacha hata kula, mpaka lilipokuja lenyewe nikiwa nafua.

Nilimwambia mume wangu kwamba nafikiria kufunga duka. Alikuwa akipiga randa ubao wa mlango. Hakuacha kazi.

"Ukifunga, wataacha kuogesha?" aliuliza.

"Hapana."

"Watanunua wapi?"

Nilijua. Watanunua mnadani, kwenye chupa za maji zisizo na kibandiko, kwa mtu ambaye kesho hayupo.

"Basi afadhali wanunue kwa mtu anayejua," akasema, akapuliza unga wa mbao.

Nikabaki na duka, lakini nilianza kusema. Niliweka glavu za mpira mbele kabisa, kaunta ilipo, na barakoa, na miwani ya plastiki. Kila aliyenunua dawa nilimuuliza anaitumiaje. Mwanzoni ilikuwa vurugu. Mzee mmoja aliniambia, "Mama, nimekuja kununua dawa, sijaja ibadani." Mwingine aliondoka akaenda duka la ng'ambo, ila baadaye alirudi kwa sababu kule walimpa isiyofaa. Siku moja akaja mama mmoja mchangamfu, amebeba mtoto mgongoni, akaomba dawa ya viwavi wa mahindi.

"Shamba lako liko wapi?" nilimuuliza.

"Sina shamba. Nina kunguni."

"Unataka kuipeleka kitandani?"

"Naipuliza kwenye godoro, naanika kidogo, tunalala. Wanakufa wote."

"Na mtoto analala hapohapo?"

Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. Nilimwambia habari za baba yangu, kuta zetu, na nilivyoambiwa hospitalini. Nilimwambia pia ukweli wote, kwamba hakuna aliyeniambia kwa hakika. Nilimweleza achemshe maji, amwagie kitanda kwenye viungio, aanike godoro juani siku kadhaa mfululizo, azibe nyufa za ukuta kwa udongo. Akacheka akasema, "Mama wa dawa ananikataza dawa!" Lakini aliondoka bila chupa, na baada ya mwezi alirudi kuniambia kwamba kunguni wamepungua, ila mikono imeuma kwa kubeba maji.

Kaka ndiye aliyekuwa mgumu. Nilimpigia simu nikamwambia aache kupuliza mikono mitupu, aache kunyunyiza ndani ya nyumba, na nikamsimulia ya daktari. Labda niliyasema vibaya. Labda nilisema kama muuza duka mwenye cheti.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemharibu baba," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Mimi ndiye niliyebaki naye. Wewe ulikuwa Ngara. Mimi ndiye niliyemnunulia hizo chupa. Sema basi."

"Kaka..."

Alikata simu, na hakupokea nilipopiga tena, wala juma lile, wala lililofuata. Niliumia, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kweli ndani ya alichosema. Sikumlaumu yeye, lakini nilikuwa nikimlaumu baba. Nilikuwa nikimtazama akinywa uji taratibu kibarazani na kuwaza, kwa nini ulifanya vile, mzee? Kwa nini ulitulaza ndani ya sumu?

Katikati ya ukimya ule wa kaka, baba akapotea.

Ilikuwa mchana. Niliwahi kurudi kutoka dukani nikakuta kibaraza hakina mtu na fimbo haipo. Mume wangu alikuwa karakanani, alidhani baba amelala. Tulitoka, yeye akapanda juu kuelekea barabarani, mimi nikashuka mabondeni kwenye migomba. Milima ya Ngara si rafiki kwa mtu aliyezoea tambarare. Baba alikuwa akiilalamikia kila siku, akisema huku watu wameijenga nchi kwa kuisimamisha wima. Nilishuka nikiita, nikimwona akilini ameteleza kwenye kila korongo nililolipita. Nilikuwa nimevua viatu.

Nilimkuta chini kabisa, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja mjane ambaye nilikuwa namjua kwa salamu tu. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka, maharage yameanikwa, kila mmoja anapukuchua. Baba alikuwa akiongea Kisukuma, anasimulia habari ya dume moja lililovuka mto likiwa na kamba shingoni. Bibi alikuwa akimjibu kwa Kihangaza kwamba mvua za mwaka huu zimeharibu maharage yake. Wote wawili walikuwa wakitikisa vichwa kwa kuelewana.

Nilimsalimia bibi, nikamwomba radhi kwa usumbufu. Kihangaza nilijifunza kwa wakwe zangu, kwa hiyo tuliongea vizuri.

"Amefika akiwatafuta ng'ombe," bibi alisema. "Nimemwonyesha wangu wawili. Amewakagua masikio na mikia, akaniambia kitu, sijui ni nini, lakini niliona ni mtu anayejua."

"Hukuogopa mtu usiyemfahamu?"

"Ameniamkia vizuri," alisema bibi, akanipa na mimi maganda nipukuchue.

Nikakaa. Nikaanza kupukuchua. Baba alinitazama akasema, "Mayu, huyu mama ni Msukuma wa wapi?" Nikamwambia ni wa hapahapa. "Anasema vizuri," akajibu.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika pale kwangu. Kila siku, jua likishakausha umande, nilimshusha baba hadi kwa bibi, au mume wangu alimshusha, na mchana tulimchukua. Aliwachungia ng'ombe wawili wale kwenye kamba, akawatoa kupe kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, akiwahesabu kwa sauti na kuwaponda kwa jiwe. Bibi alisema ng'ombe wake hawajawahi kuwa safi namna ile. Chakula walikula pamoja. Baba alinenepa. Usumbufu aliokuwa nao kila alasiri tangu afike kwangu, wa kutaka kwenda nyumbani wakati yuko nyumbani, ukapungua sana.

Kaka alikuja bila kutoa taarifa. Alisimama mlangoni kwangu ameshika kuku wawili na mfuko wa mchele, amechoka, vumbi hadi kwenye kope. Nilimwamkia, akaitikia, tukaingia ndani kama watu wasiogombana. Alitaka kumwona baba, nikashuka naye hadi kwa bibi. Baba hakumtaja jina, lakini alimshika mkono na hakuuachia. Walikaa hivyo muda mrefu, kaka akitazama kando.

Tulipokuwa tunapanda kilima kurudi alisema, "Ulikuwa hujaanza shule. Huwezi kukumbuka."

"Kukumbuka nini?"

"Mdogo wako."

Nilijua kwamba nilikuwa na mdogo wangu wa kike aliyefariki mchanga. Nyumbani hakutajwa. Kaka alinisimulia akiwa anapanda, anasimama, anapanda tena. Mtoto alipata homa, baba akambeba mgongoni kwa kanga ya mama na kutembea naye kwenda zahanati, mwendo wa asubuhi nzima. Hakufika naye. Alirudi naye mgongoni vilevile. Baada ya mazishi, wageni walipoondoka, baba alichukua ile chupa darini, akachanganya ndoo nzima, na akapaka kuta zote kwa mkono wake, kwa viganja, kuta za ndani na za nje, mpaka juu alipofika. Alikuwa akilia kwa sauti. Kaka alishika ndoo.

"Aliambiwa ni mbu," kaka alisema. "Basi akaamua mbu hataingia tena. Na hakuingia. Mimi na wewe tuko hapa."

Niliketi kwenye jiwe kando ya njia. Kaka naye akaketi. Wanawake waliokuwa wanatoka sokoni walitupita wakatusalimu, tukaitikia.

"Nisamehe kwa yale ya simu," nilimwambia baadaye.

"Na mimi. Ulikuwa unasema kitu cha maana. Nilisikia lawama tu."

Aliondoka Jumatatu akiwa na glavu, barakoa, miwani, na viatu vya mpira vya kufika magotini, nilivyomchagulia mwenyewe dukani. Alikuwa akivitazama kwa mashaka. Jumamosi iliyofuata alinitumia picha kwenye simu, na ujumbe kwamba ng'ombe walipomwona vile walikimbia hadi kwa jirani, wakashindwa kumtambua, ikabidi avue barakoa aongee nao kwanza ndipo wakubali kurudi. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akauliza kuna nini.

Nilimwonyesha baba picha. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaileta karibu, akaipeleka mbali.

"Huyu nani amevaa hivi kwenye zizi langu?"

"Mwanao, baba. Anaogesha."

Akatazama tena, kwa makini, kama alivyokuwa akitazama mnyama wa kununua. "Upepo uko mbele yake," alisema. "Dawa yote inamrudia. Mwambie ageuke, upepo umpige mgongoni."

Nilimpigia kaka nikamwambia alivyosema baba. Kaka akacheka, akasema ni kweli, siku ile alitoka na macho mekundu licha ya miwani. Sasa maneno hayo nimeyaweka kwenye ushauri ninaowapa wateja: vaa glavu, funika pua, simama upepo ukiwa mgongoni, nawa kabla ya kula, usijipake. Nawaambia pia kwamba wakienda kulala washushe neti.

Mara nyingine baba huuliza habari za mtoto. Hasemi ni yupi. Huuliza akiwa amekaa kibarazani, mikono magotini, na uso wake hauna huzuni. "Mtoto amelala?" Mara ya kwanza nilibabaika, nikataka kumweleza. Sasa sibabaiki.

"Amelala, baba."

"Mfunike vizuri. Mbu wengi."

"Nimemfunika."

Anatikisa kichwa, ameridhika. Kisha, kama ni asubuhi, anachukua fimbo yake na tunaanza kushuka kwenda kwa bibi, yeye mbele, mimi nyuma nimemshika shati, akilalamikia mteremko hatua kwa hatua. Wiki hii bibi amepata ndama jike, na jana baba alikuwa bado hajaamua rangi yake inaitwaje.